Mtoto Ajulikane Siku Anayozaliwa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi, wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, na ninyi wanafunzi mnaohitimu: shikamooni wakubwa zangu, na vijana, hamjambo.

Mada niliyopewa ni pana: teknolojia, tiba mahususi na elimu katika kuleta usawa duniani. Naomba niipitishe kwenye ugonjwa mmoja tu, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao seli nyekundu hujipinda kama mundu, na ambao huku kwetu Kanda ya Ziwa wengi wanauita sikoseli. Ndio ugonjwa ninaokutana nao kliniki kila wiki. Na sijui ugonjwa mwingine ambao elimu yake ilichotwa kwenye damu ya watu wetu kwa kiasi hiki, halafu ikachelewa hivi kuwarudia.

Nianze na habari ambayo wazazi wananiuliza sana. Tarehe 16 Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, na wiki tatu baadaye, tarehe 8 Desemba, Marekani nayo ikaidhinisha. Ni tiba ya kwanza duniani kuruhusiwa inayotumia CRISPR, ule utaalamu wa kukata na kurekebisha vinasaba. Mgonjwa anatolewa seli mama za damu, zinapelekwa maabara, na huko wanazima swichi ya jeni iitwayo BCL11A. Jeni hiyo ndiyo inayouambia mwili uache kutengeneza himoglobini ya mtoto wa tumboni, yaani ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Ikizimwa, ile himoglobini ya utotoni inarudi, na yenyewe haijikunji kama mundu. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa anapewa dawa kali ya kusafisha uloto wote, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kisha anakaa hospitalini wiki kadhaa akilindwa asipate maambukizi. Victoria Gray, mama wa Mississippi, alikuwa Mmarekani wa kwanza mwenye selimundu kuipata, mwaka 2019, wakati wa majaribio. Anaishi bila yale maumivu.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 5.

Basi mzazi ananitazama ananiuliza: Daktari, na sisi lini? Nina majibu mawili, na sipendi moja limeze jingine. La kwanza ni kwamba tiba ile ni haki ya mtoto wa Sengerema sawasawa na mtoto wa Boston, na nitaeleza kwa nini nasema haki, sisemi msaada. La pili ni kwamba watoto wanaofariki mwezi huu hawafariki kwa kukosa CRISPR. Wanafariki kwa sababu hakuna aliyejua kuwa wanao ugonjwa huu.

Kwanza hiyo haki. Mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, aliandika kuhusu kijana kutoka Grenada ambaye seli zake nyekundu zilionekana kwenye hadubini zimepinda kama mundu. Hiyo ndiyo inayoitwa mara ya kwanza katika vitabu vya Magharibi, ingawa bibi zetu walikuwa wamekwisha kuzika watoto kwa ugonjwa huo vizazi na vizazi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa tatizo liko ndani ya himoglobini yenyewe. Ukawa ugonjwa wa kwanza kabisa kuelezwa katika ngazi ya molekuli. Elimu yote ya leo ya tiba inayofuata vinasaba vya mtu ina mzizi wake hapo.

Mwaka huohuo wa 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu: watu wanaobeba jeni ya S, ile inayoleta selimundu, walikuwa wengi pwani na kandokando ya ziwa hili letu la Viktoria, na wachache mno nyanda za juu. Akajiuliza pwani na ziwani kuna nini kisichoko milimani. Kuna mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja ya S, yule tunayemwita AS, analindwa dhidi ya malaria kali. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa wanaume 30 wa Kijaluo walioambukizwa malaria kwa makusudi ili matokeo yaonekane: kati ya 15 wasio na S, 14 waliugua, kati ya 15 wenye AS, wawili tu. Kamati ya maadili ya leo isingepitisha utafiti wa namna hiyo bila maswali mengi magumu. Lakini matokeo yake yamo katika kila kitabu cha baiolojia duniani, na ni mfano unaotumiwa kila mahali kueleza jinsi mazingira yanavyochagua jeni. Walioutoa ni watu wa ziwa hili. Ndiyo maana nasema haki.

Sasa huyu mtoto ambaye hajajulikana. Inakadiriwa kwamba hapa Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Dunia nzima ni zaidi ya 300,000, na wengi wao wako Afrika, kusini ya Sahara. Bila huduma, makadirio ya chini kabisa yanasema nusu yao hawafiki miaka mitano. Na wanakufaje? Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri, kwa sababu bado ana ile himoglobini ya tumboni inayomkinga. Miezi sita ikikaribia, kinga hiyo inapungua. Vidole vinavimba, analia usiku kucha. Macho yanakuwa ya manjano. Inakuja homa, mama anakwenda zahanati, anapewa dawa ya malaria. Inakuja homa ya pili, kumbe ni vijidudu vya nimonia vimeingia kwenye damu, na bandama, ambayo kazi yake ni kuvichuja, imeshaharibika. Kesho yake asubuhi mtoto hayupo. Kwenye cheti kinaandikwa malaria, au upungufu wa damu. Selimundu haitajwi. Na kwa kuwa haitajwi, haiingii kwenye takwimu, na isiyoingia kwenye takwimu haitengewi bajeti.

Kipimo cha kumjua mtoto huyu kipo, na naomba niwaonyeshe. Muuguzi anapasha joto kisigino cha mtoto kwa kiganja, anakifuta, anachoma kidogo upande wa pembeni. Anachukua tone moja la damu na kifyonzeo kidogo, analiweka kwenye kichupa chenye kimiminika, anatikisa, damu inageuka maji mekundu. Anadondosha matone machache kwenye kikasha hiki cha plastiki, kinachofanana na kipimo cha haraka cha malaria mnachokijua wote. Dakika chache zinapita, mistari inatokea. Mmoja ni wa kuthibitisha kuwa kipimo kinafanya kazi. Mwingine ni A, himoglobini ya kawaida, mwingine ni S, ya selimundu. Ukiona S peke yake bila A, mtoto huyu anahitaji kliniki yetu kabla hajatimiza miezi mitatu. Hakuna umeme, hakuna mashine. Anayejua kupima malaria kwa kipimo cha haraka anajifunza hiki kwa asubuhi moja.

Na akishajulikana? Hapa nawapeleka Jamaika. Kuanzia mwaka 1973, pale Kingston, walipima watoto wachanga 100,000 na kuwafuatilia wale waliokutwa na ugonjwa. Jamaika haikuwa nchi tajiri. Daktari Graham Serjeant na wenzake waligundua kwamba watoto wengi walikufa kwa bandama kuvimba ghafla na kumeza damu ya mwili. Wakawafundisha mama zao kupapasa tumbo, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Bandama ikivimba kupita jana, chukua mtoto, kimbia hospitali. Basi. Vifo vya namna hiyo vilishuka sana kwa vidole vya mama aliyefundishwa. Nikisikia mtu anasema elimu ni jambo laini, tiba ndiyo jambo gumu, namkumbusha Kingston. Kliniki kwetu tunafanya hivyohivyo: tunashika mkono wa mama, tunauweka mahali pake, tunamwambia bonyeza taratibu, sikia. Wengine wanaogopa mwanzoni. Baada ya mwezi wanatuambia wenyewe, leo imeongezeka.

Ongeza penisilini mara mbili kwa siku mpaka miaka mitano. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha kuwa inapunguza maambukizi yale ya hatari kwa zaidi ya asilimia 80. Ongeza chanjo ya nimonia, ambayo tayari imo katika ratiba yetu. Ongeza chandarua. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji dola milioni mbili.

Halafu kuna haidroksiyurea, na hapa ndipo tiba mahususi inapoanza kwa maana yake halisi. Ni dawa ya zamani. Marekani iliiruhusu kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Inafanya kwa kidonge kitu kinachofanana na kile CRISPR inachofanya kwa mkasi: inaamsha himoglobini ya utotoni. Kwa nini basi watoto wetu waliisubiri miaka yote hiyo? Tuliogopa kwamba itashusha kinga ya mwili na kuwaacha mikononi mwa malaria. Hofu ilikuwa ya haki, ila hakuna aliyeipima. Aliyeipima alikuja baadaye: kwanza Kampala, kisha utafiti mkubwa uitwao REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, watoto zaidi ya 600, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018. Malaria ilipungua kwa nusu. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu. Kuongezewa damu kulipungua kwa theluthi mbili. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Miaka 20 tulikaa tukiiogopa dawa iliyokuwa inawafaa watoto wetu, kwa sababu maswali ya utafiti yalikuwa yanaulizwa mahali pasipo na malaria.

Mwaka 2020 Kampala wakasogea hatua nyingine. Waliwagawa watoto makundi mawili: kundi moja likabaki na dozi ileile, la pili likaongezewa taratibu kufuatana na hesabu ya damu ya kila mtoto, mpaka pale mwili wake unapoweza kuhimili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa kundi la pili lilikuwa linafanya vizuri kiasi kwamba haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Wanafunzi wangu, hiyo ndiyo tiba mahususi. Haikuhitaji kusoma vinasaba vyote vya mtoto. Ilihitaji mashine ya hesabu ya damu inayofanya kazi, mtaalamu wa maabara anayeamini namba zake, na daktari anayesoma namba hizo na kubadilisha dozi.

Lakini tazameni usawa unavyovunjikia kwenye jambo dogo. Kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500. Mtoto wa kilo 12, kwa dozi ya miligramu 20 kwa kilo, anahitaji 240 kwa siku. Kapsuli haikatwi kama kidonge. Kwa hiyo mama anaambiwa ampe moja leo, kesho aruke, au aifungue aikoroge kwenye maji na kumpa nusu, na huku dawa yenyewe haitakiwi kushikwa na mama mjamzito. Na sasa mtoto ameongezeka kilo mbili, hesabu inabadilika. Kiwanda kikitengeneza kidonge kidogo cha miligramu 100 na kikafika zahanati za vijijini kwa bei ya kawaida, tutakuwa tumeleta usawa kuliko maazimio mengi niliyoyasikia kwenye makongamano.

Naambiwa muda unakwenda, lakini suala la takwimu za vinasaba siwezi kuliruka. Mwaka 2016 wanasayansi walihesabu watu walioshiriki katika tafiti kubwa za kuhusisha jeni na magonjwa: asilimia 81 walikuwa wenye asili ya Ulaya, asilimia 3 wenye asili ya Afrika. Na sisi ndio wenye vinasaba vya aina nyingi kuliko watu wote duniani. Mradi wa H3Africa, ulioendeshwa kuanzia 2012 hadi 2022, ulipochapisha mwaka 2020 vinasaba vya watu 426 tu wa makundi 50 ya Afrika, zilipatikana tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa popote.

Madhara yake ni ya kila siku. Wengi mnaikumbuka efavirenz, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, na zile ndoto za kutisha usiku, kizunguzungu, mtu anaamka anatetemeka. Waafrika wengi wana aina ya jeni ya CYP2B6 inayofanya ini liitoe dawa hiyo polepole, kwa hiyo inalundikana mwilini. Dozi ya miligramu 600 ilitolewa kwa wote. Mwaka 2014 utafiti ukaonyesha kuwa 400 ilitosha. Watu wangapi waliacha dawa katikati kwa sababu waliona wanapagawa, wakaitwa wagonjwa wakaidi? Au kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu: kwa mtu mwenye AS kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Ukiwa daktari wa Mwanza na hujui hilo, utamwambia mgonjwa wako yuko salama, kumbe hayuko.

Na ugonjwa kuwa mmoja haina maana kwamba uko sawa kwa wote. Selimundu ya mashariki ya Saudi Arabia mara nyingi ni nyepesi, kwa sababu watu wa huko wanabaki na himoglobini nyingi ya utotoni. Oman kuna familia zenye aina ileile ya huku kwetu, kwa sababu ya undugu wa karne nyingi na pwani ya Afrika Mashariki. Daktari wa Muscat, huko Oman, na daktari wa Bugando, hospitali yetu ya Mwanza, wanapaswa kuwa wanapigiana simu.

Shuleni nako kuna kazi. Figo za mtoto mwenye selimundu haziwezi kubana mkojo, kwa hiyo anahitaji maji mengi na anakwenda chooni mara kwa mara. Mwalimu asiyejua anamwona mtoro. Anamnyima ruhusa, anamwadhibu kwa kumsimamisha juani au kumtuma kuchota maji asubuhi ya baridi, na usiku mtoto yuko wodini anapiga kelele za maumivu ya mifupa. Mwalimu huyo hana roho mbaya. Hakufundishwa. Ukurasa mmoja katika mafunzo ya ualimu ungetosha: maji, choo, sweta, asikimbizwe akichoka, na homa yoyote ni dharura.

Na majumbani. Bado nawasikia baba wakisema kwenye ukoo wetu ugonjwa huu haupo, mama ndiye kauleta. Wazee wangu, mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea S moja kwa baba na moja kwa mama. Na wazazi wawili wenye AS, uwezekano ni mmoja kati ya wanne kwa kila mimba. Kila mimba, naomba hilo lisikike. Wapo wanaodhani wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Jeni hazikumbuki mimba iliyopita.

Nirudi kwa yule mzazi na swali lake la lini. Tunazo dalili njema. Kazi iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2004 na Profesa Julie Makani na wenzake imekuwa moja ya kliniki kubwa za selimundu duniani. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huu, na upandikizaji huo ndio shule ya tiba ya jeni: wodi zilezile, dawa zilezile za kusafisha uloto, wauguzi walewale. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani na taasisi ya Gates zilitangaza kila moja dola milioni 100 kutafuta tiba ya jeni ya selimundu na ya VVU inayoweza kutolewa katika nchi kama yetu, pengine kwa sindano moja, bila kuharibu uloto kwanza. Ikifika, itahitaji kujaribiwa mahali penye malaria, kwa watoto wenye aina yetu ya jeni. Sitaki siku hiyo sisi tuwe wa kutoa damu tu. Nataka maabara iwe hapa, sampuli zihifadhiwe hapa, na anayeandika matokeo awe mmoja wenu mliovaa majoho leo.

Kwa wizara, ombi langu ni moja: kipimo hiki kikae kwenye trei ileile ya chanjo ya BCG, kila zahanati. Mfumo wa m-mama, ulioanzia hapa Sengerema na Shinyanga, umetuonyesha kuwa simu ya kawaida na dereva wa kijijini anayelipwa kwa M-Pesa wanaweza kumfikisha mjamzito hospitalini usiku wa manane. Mtoto wa selimundu mwenye homa naye aingizwe humo.

Kwa wahitimu: wale wa maabara, msiondoke bila kujua kusoma mistari hii. Wale wa uuguzi, msiondoke bila kupapasa bandama kumi. Wale mnaopenda kompyuta, takwimu za vinasaba zinahitaji watu, na ni wachache mno.

Meza ya vipimo iko nje, upande wa maktaba, na wauguzi watakuwepo hadi saa kumi jioni. Ni bure na majibu utaondoka nayo. Wanaopanga kuoana, njooni wote wawili.

Ahsanteni sana.